Ukurasa wa Kwanza

Pa ukuta wa kibanda cha Régine, fundi wa vyombo vya umeme mu mutaa wa Kamalondo, kulikuwa karatasi makumi tatu na zaidi. Kila moja ilikuwa ukurasa wa kwanza wa fishi, karatasi za kiwanda zenye kueleza transista: inabeba amperi ngapi, inavumilia volti ngapi. Bafundi bote ba njia ile njo vile balikuwa banafanya. Fishi inaandikwa mu Kingereza, na kwa Sephora, mwenye cyber, duka la internet na kuchapa, unalipa kwa ukurasa. Basi banatosha pa mashini ule wa kwanza tu, wenye namba kubwa. Namba haiombi muntu ajue Kingereza.

Régine alikuwa mwanamuke wa miaka makumi tano na mbili, mwenye sifa mu mikono. Kipande cha bandia hakukubali hata siku moja. Alikuwa anakipima, anaangalia miguu yake, na kama hakikumupendeza anakirudisha kwa muchuuzi. Njo maana convertisseur ya baba yake ilipoungua, hakutafuta fundi mwingine.

Baba yake, muzee Stanislas, alitumika mu atelier, karakana ya reli, miaka makumi tatu, na mapafu yake yalibakia kule. Sasa alikuwa anapumua na mashini ya oksijeni, mupira mu pua, asubuhi mpaka asubuhi. Umeme ukikatika, convertisseur inakamata kazi, inakunywa mu batri na kulisha mashini. Bila ile, muzee hakuwa na saa nzima.

Ndani ya convertisseur mulikuwa transista munane zenye kufa, na za namna ile hazikupatikana tena. Muchuuzi alikuwa na zingine, mupya, za kweli, lakini ine tu. Régine akaenda kutosha ukurasa wa kwanza wa fishi yao. Pale juu, na herufi nono, balikuwa baliandika amperi mia moja na makumi mbili. Za zamani zilibeba makumi tano. Akapiga hesabu: mbili za sasa zinapita ine za zamani. Akaziweka ine, akafunga.

Muzee, mwenye kukaa pa kitanda, alikuwa anafuata kila skrubu.

“Zilikuwa munane,” akasema. “Zingine ziko wapi?”

“Baba, hizi za sasa ziko na nguvu. Moja inabeba mia moja na makumi mbili.”

“Inabeba mu njia ya sawasawa, ao mu mulima?”

Régine akacheka. Akamuambia transista haiko vagon.

“Kwetu mu atelier,” muzee akasema, “muntu akileta namba bila mulima, tulikuwa tunamurudisha. Lakini wewe njo fundi.”

Mwezi wa kumi, siku ya kwanza ya juma, umeme ulikatika saa sita ya mchana. Joto la ile siku lilikuwa linafanya bati za nyumba zilie. Convertisseur ikakamata kazi muzuri, na Régine akaenda kupika bukari, ule ugali wa mahindi. Nusu saa ikapita, na kidogo. Akasikia mulio kama muti mukavu wenye kuvunjika, kisha harufu. Alipofika, moshi ulikuwa unatoka mu chombo, na baba yake alikuwa amekamata mupira na mikono miwili, kama muntu mwenye kuuomba. Jirani alikimbia kutafuta motokari. Ilipofika, hakukuwa tena muntu wa kubeba mbio.

Pa kilio, mudogo wake Clovis alitoka Golf, mutaa wa batajiri, na suti nyeusi. Bantu balikuwa bengi, na hakungoja batoke.

“Yaya, dada yangu, zilikuwa munane. Uliweka ine. Hata mutoto wa shule ya primaire anajua ine haiko munane.”

Mu kichwa Régine alikuwa anarudilia hesabu yake, na kila mara ilitoka sawa.

Maziko yalipoisha, akaenda kwa Sephora, akamuomba fishi yote. Ilitoka kurasa kumi na tatu. Sephora alikuwa anajua Kingereza kidogo, maneno yenye kubakia akayatafuta mu telefone, na bakakaa nayo mpaka chai yao ikapoa. Ukurasa wa pili, chini kabisa, herufi ndogo kama mayai ya sisimizi: mia moja na makumi mbili iko namba ya hesabu tu, miguu ya kipande inaishia makumi saba na tano. Na hesabu yenyewe inasimama kama tu mwili wa kipande unabakia digrii makumi mbili na tano. Ukurasa wa munane, mustari wenye kushuka: kipande kikipata moto wa kazi, kinabeba makumi ine.

Digrii makumi mbili na tano. Mu kibanda chake joto linapita pale hata saa tatu ya asubuhi haijafika.

“Balitudanganya?” Régine akauliza.

“Hapana, mama. Yote iko imeandikwa.”

Njo yenye ilimuuma kupita yote. Hakukuwa hata muntu mumoja wa kwenda kumupigia mulango na kumulaumu.

Akarudia mu kibanda, akabandua karatasi zote, akabandika zile kumi na tatu, akapiga mustari mwekundu chini ya herufi ndogo. Siku ya tatu, Gradi, fundi wa ngambo ya njia, akafika pa mulango. Akamupa pole kwa ajili ya muzee, akamusifu marehemu. Kisha akasema aliletewa convertisseur na transista ni zile zile.

“Mama Régine, zinabeba ngapi?”

Régine akamuambia aingie, asome ukurasa wa pili na ule wa munane, yeye atamuonyesha na kidole. Gradi akasema sawa, lakini kuko kliyenti mwenye kumungoja. Akainua telefone, akapiga picha ya ukurasa wa kwanza, akashukuru, akavuka njia.