Namba Mbili ya Kiti cha Mbele

"Shoga, hivi mumeo huwa anambeba nani pale mbele?"

Jirani muuza maziwa aliuliza hivyo akiwa mlangoni kwa mshonaji, kidumu mkononi, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Jumamosi jioni mume wa mshonaji, kinyozi, alikuwa amempa lifti kutoka zahanati, na magoti yake yalikuwa bado yanalalamika.

"Kiti kimevutwa mbele, nikasema leo nitabusu kioo. Mimi mwenyewe si mrefu, lakini huyo mwenye kiti, mwenzangu, ni mfupi kweli, kipande tu cha mtu!"

Mshonaji alicheka, akapokea maziwa, akafunga mlango. Kisha akabaki amesimama palepale, kicheko kimemkauka mdomoni. Yeye alikuwa mrefu. Tangu siku za uchumba mumewe alimwita Mlingoti, na kitanda chao wenyewe kilitengenezwa kwa kipimo cha miguu yake. Kiti alichokisema jirani hakikuwa chake.

Gari hilo kinyozi alilinunua kwa injinia mstaafu, mteja wake wa siku nyingi. Lilikuwa jeusi, refu, la kifahari na la mbio, viti vya ngozi, na injini yake ilinguruma kwa adabu. Bei ilikuwa ndogo mpaka watu wakasema kinyozi ameokota. Haikupita miezi mingi wakajua kwamba kulinunua ndiko kulikokuwa rahisi. Kazi ilikuwa kulitunza. Lilikataa petroli yoyote isipokuwa ile ya bei ya juu. Oili ilivuja, ikizibwa huku inatokea kule. Taa ya injini fundi akiizima leo, keshokutwa inakodoa tena. Matairi yake mapana yaliagizwa mbali, na kila spea ilikuwa na bei ya kumfanya mtu akae chini kwanza. Tena halikuwa na springi kama magari ya watu. Lilisimama juu ya mipira ya hewa, na mpira mmoja ukivuja, asubuhi mnalikuta limepiga goti upande mmoja.

"Gari lako linasali kuliko wewe," mshonaji alikuwa akimtania mumewe.

Utani huo uliisha baada ya swali la jirani. Alianza kukumbuka mambo. Siku gari lilipofika, kinyozi alimwonyesha vitufe vitatu vya namba ubavuni mwa kiti cha mbele cha abiria.

"Kiti hiki kinakumbuka mtu. Wewe ni namba tatu. Ukibonyeza tu, kinakuja kama ulivyokiacha."

"Namba tatu? Moja na mbili ni akina nani?"

"Ni za zamani hizo. Achana nazo, usiziguse." Alisema haraka, macho yake yako kwenye usukani.

Wakati ule neno hilo lilipita. Sasa lilirudi na likakaa. Mimi niliyemzalia, mimi niliyeuza naye karanga kabla hajashika mashine ya kunyolea, ndani ya gari la mume wangu ni wa tatu!

Akaanza kuangalia. Hakuuliza, aliangalia tu. Katikati ya wiki kiti kilikuwa chake, sawasawa. Lakini kila Jumamosi kinyozi alikwenda na gari saluni, na Jumapili wanapotoka kwenda kusali, kiti kilikuwa mbele tena, juu tena, magoti yanagonga dashibodi. Mumewe hujinyoosha upesi akabonyeza tatu.

"Limejisahau," atasema.

"Limejisahau, au kuna anayelisahaulisha?"

"Wewe nawe, Mlingoti. Ni gari la mtumba hili."

Ibada ilimpita juu ya kichwa. Midomo iliimba, moyo ulikuwa umebaki kwenye kiti. Akirudi, alikinusa kile kiti pale kichwa kinapoegemea. Alipapasa mishono kwa vidole vyake vya kazi, akitafuta unywele, hereni, alama ya poda. Hakuona kitu, na kutoona kitu kulimuuma zaidi. Mwanamke asiyeacha hata unywele ni mwanamke makini.

Ndipo pampu ya hewa ikafa, na gari likalala uani, tumbo karibu na ardhi. Kinyozi alikaa kwenye kigoda siku nzima akilitazama kama mgonjwa. Mwishowe akaja chumbani, akapiga mluzi kidogo, akaacha.

"Mke wangu, ile mashine yako ya overloki... si unaitumia mara mojamoja tu?"

Aliitumia kila siku. Ndiyo iliyomaliza kingo za sare zote za shule zilizotoka mikononi mwake. Akaiuza bila ugomvi. Lakini kila alipofunga kingo kwa sindano ya mkono, ncha ilimchoma na wivu ukamchoma, hakujua kipi kilitangulia. Naharibu macho yangu, alisema moyoni, ili kipande cha mtu kisitikisike njiani.

Fundi alikuja na pampu Jumamosi. Saluni ilifungwa. Gari lilipoinuka polepole, kinyozi alipiga makofi, akakimbia dukani kununua oili. Mshonaji akamletea fundi chai.

"Fundi, hivi namba za hiki kiti zinabadilishwaje?"

"Rahisi, mama. Kaa unavyotaka. Shikilia hiki chenye herufi mpaka kilie, kisha bonyeza namba. Aliyekuwepo anafutika, unaingia wewe."

"Na yule wa mwanzo hawezi kurudi?"

"Arudi wapi? Kiti kimeshamsahau."

Fundi alipokwenda bombani kunawa, mshonaji aliingia. Alirudisha kiti nyuma kabisa, akakishusha, akanyoosha miguu yake yote. Akashikilia. Kiti kikalia. Akabonyeza mbili.

"Haya, mfupi," alisema kwa sauti. "Njoo ukae."

Alikuwa hajamaliza kufunga mlango wa gari geti lilipofunguliwa. Kinyozi aliingia na galoni ya oili, nyuma yake mzee mwenye kofia na ndevu za wiki nzima.

"Nimemkuta mzee wangu amesimama nje ya saluni. Nimemwambia leo tutanyolea hapa nyumbani."

Alikuwa yule injinia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari halijawatoa roho?"

"Linakaribia, baba."

Mzee alicheka. "Hata mimi lilinikamua. Lakini mwenzangu alilipenda, ningefanyaje?" Akamgeukia kinyozi, sauti ikashuka. "Naweza?"

Kinyozi alimtupia mkewe jicho la aibu. "Kama kila Jumamosi, mzee."

Mzee alivua kofia. Akafungua mlango wa mbele, akabonyeza mbili, akarudi hatua moja kama anayempisha mtu apite.

Kiti hakikusogea.

Akabonyeza tena. Kinyozi alisema labda betri, akabonyeza moja, na kiti kikanguruma kikaenda. Akabonyeza mbili. Kikarudi nyuma kabisa, chini kabisa, kwa mtu wa miguu mirefu. Kinyozi alikitazama, kisha akamtazama mkewe kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Umefanya nini?"

Mshonaji alishika utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake.

"Mzee aliniomba kitu kimoja tu wakati ananiuzia," kinyozi alisema. "Nisiifute namba mbili. Sikukuambia kwa sababu ungekataa kukalia kiti cha marehemu mkewe."

"Alikuwa mfupi sana," mzee alisema, bila hasira. "Alitaka aone barabara."

"Baba, kitarudi!" Mshonaji alisogea mbio. "Mimi napima watu kila siku. Niambie tu alivyokaa, nitakirudisha."

Mzee aliinama, akashika swichi. Kiti kikaja mbele. Kikapanda. Akakishusha kidogo, akakipandisha tena. Akauweka mkono wake hewani, pale ambapo bega la mtu lingekuwa, akausogeza juu, akausogeza chini. Mkono ukabaki bila mahali.

"Sikumbuki," alisema. "Nilikiachia kiti kinikumbukie."

Akafunga mlango taratibu, kama kuna mtu aliyelala ndani. Kinyozi alikuwa ameshaweka kigoda na taulo kivulini. Mzee alivipita, akavaa kofia yake, akatoka getini na ndevu zake.