Pumzi za Florentine

Binti yangu Florentine aliniambia kwa telefone kama ameanza kufanya yoga ya joto. Nilikuwa Beni, kwa nyumba yangu, nachambua maharage. Mujukuu wangu Ornella alikaa pembeni yangu, anatoa vijiwe ndani ya maharage na kuvipanga juu ya kitambaa. Miye nilifikiri yoga ya joto ni kujifukiza, namna tunafanya mutu akiwa na homa: sufuria ya maji ya moto, majani ya mukaratusi, na blanketi juu ya kichwa. Nikamuuliza kama ni mugonjwa. Akacheka. Ilikuwa siku nyingi sijasikia akicheka, donc sikuuliza tena.

Nieleze kwanza sababu gani Ornella alikuwa kwangu. Florentine na bwana wake Lusenge walikuwa na shamba la kakao kule Kalunguta. Siku masasi ya bunduki ilipolia karibu na mugini, bakakimbilia ndani ya depo, ghala ya kakao, bakafunga mulango. Kakao ikiwa inachacha ndani ya masanduku inatoa joto kali, na harufu yake kama siki inachoma pua. Ornella alikuwa angali ananyonya. Florentine akamuwekea mukono kwa mudomo asilie, akaushikilia mpaka batu ba bunduki bakapita. Bakatoka bazima bote batatu. Bakahamia Butembo, kule Bulengera. Lusenge akaanza kubeba batu kwa pikipiki, Florentine akauza sabuni sokoni.

Mais mukono wake ulibaki na tabia ile. Mutoto akilia, iwe njaa, iwe kuanguka, mukono unaenda kwa mudomo wake kabla mama hajafikiri. Siku moja ulikawia pale mpaka mutoto akageuza macho kwa kukosa pumzi. Florentine alimuleta Beni yeye mwenyewe, asubuhi yake, na nguo zote ndani ya saki.

"Mama, umuchunge," akaniambia. "Nitamukamata tena siku nitakuwa mutu."

Sasa, hiyo yoga. Mwalimu anaitwa Séphora, binti wa pasta, alijifunzia kazi hiyo Kampala. Butembo ni baridi, kwa hiyo alikodi chumba chenye kugusana ukuta na tanuru ya boulangerie. Asubuhi mikate ikiiva, ukuta unawaka. Banafunga mulango na madirisha, bamama banajinyoosha juu ya mikeka, jasho inashuka mpaka kwa visigino. Lusenge alinitania kwa telefone kama muke wake anaenda kuokwa pamoja na mikate, na kama anarudi ananukia vizuri kuliko sabuni anauza.

Mwanzo ilimufaa. Alilala usingizi mwema, alikula, aliimba akiosha vyombo. Kisha akaanza kulia njiani bila kujua analia nini. Kisha ikaja hasira. Aligombana na bateja, alifagia kiwanja kilichokwisha kufagiwa, alikuwa anainuka mezani chakula kikiwa katikati ili aende kutazama mulango. Aliniambia lile joto linafungua kitu ndani yake halafu halikifungi. Nikamushauri aache. Akakataa. Alitaka kutoa woga kwa jasho kama vile unatoa homa, upesi, sababu alitaka mutoto wake.

Batoto bakapata kongé ya masomo, nikapanda Butembo na Ornella. Asubuhi Lusenge akabaki na mutoto, na miye nikamusindikiza Florentine. Nilikaa kwa kibao katika pembe, nimefungua kitambaa cha kichwa kwa ajili ya joto. Séphora akafunga mulango, akaomba batu bafunge macho na kunyamaza. Chumba kikawa kimya kabisa. Nilisikia tu muokaji ngambo ya ukuta akivuta masahani ya mikate.

Florentine akasimama. Akapita juu ya mikeka ya batu, akamukanyaga mama Kanyere, mwanafunzi mwenzake, kwa vidole, akafungua mulango, akatoka. Nilimukuta amekaa juu ya kuni za boulangerie.

"Ni depo, Mama," akasema. "Joto, mulango, na batu kunyamaza. Kila siku niko narudi ndani ya depo kwa miguu yangu mwenyewe."

Wala yeye, wala miye, hakuna aliyekuwa ameliona jambo hilo.

Séphora akatufuata na taulo shingoni. Hakukasirika. Alisema joto lilimuponyesha yeye mugongo, lakini si dawa ya kila mutu, na yoga ni za namna nyingi. Kwa juma lile akamujaribisha zingine. Ile ya kusimama na kurukaruka ilimuongezea hasira. Ile ya kulala chali macho yamefungwa aliishindwa: kila mara alifungua jicho moja kutazama kama ningali pale. Mwishowe Séphora akamukalisha inje, kwenye kiwanja, katika baridi, kikwembe mabegani, macho wazi. Akamufundisha kuvuta pumzi na kuitoa polepole na sauti, mmmm, kama nyuki. Muokaji akachungulia, akauliza, "Mama, uko naita nyuki?" Florentine akamujibu, "Niko nafukuza wewe," na akaendelea.

Sitasema alitulia. Vidole vyake vilicheza-cheza juu ya magoti, jicho lilikimbilia lango pikipiki ikipita. Lakini alikaa mpaka mwisho, na kesho yake akakaa tena.

Siku ya kurudi Beni, saki ya Ornella ilikuwa imefungwa tayari nyuma ya pikipiki ya Lusenge. Mutoto akawa anakimbia kunifuata, akajikwaa kwa ngazi, goti likapasuka. Akapiga kelele ya kujaza mutaa. Florentine ndiye alikuwa karibu. Niliona mukono wake unapanda. Nikaacha kibeti changu chini, nikakimbia.

Mukono ukasimama hewani, kisha ukashuka kwa mugongo wa mutoto. Florentine akakaa chini kwenye vumbi, akaanza, mmmm, na sauti yenyewe ilikuwa inakatika. Ornella akazidisha. Bajirani bakachungulia juu ya ukuta wa lupango. Ni miye nilianza kusema, "Nyamaza, Ornella, nyamaza, mama."

"Muache alie," Florentine akaniambia. Jasho ilikuwa inamutoka katika baridi ile. "Mama, umuache alie."

Akalia. Alilia kwa kirefu, mpaka ikabaki kwikwi tu, mpaka akajifuta mwenyewe pua kwa kikwembe cha mama yake na kuomba maji. Florentine akatazama ile saki kwa pikipiki, kisha akanitazama. Aliogopa kuomba. Nikamwambia Lusenge aifungue aishushe, anipeleke miye peke yangu.

Njia yote niligeuza kichwa. Injini ya pikipiki ilifunika kila kitu, hata mutoto angelia nisingesikia. Tulipofika kwenye kituo cha magari ya kwenda Beni nikamuomba Lusenge turudi kidogo, nisimame tu inje ya lupango, nisikilize.

"Mama," akasema, "panda gari."

Nikapanda. Nilikaa kwa dirisha, nikalifungua, nikalifunga, nikalifungua tena.