Merikebu ya Kumi na Tatu

Mwaka watu walipotua mwezini, Batuli na kaka yake Yahaya walianzisha mchezo ambao haukuwa na jina. Yahaya alikuwa fundi bati pale Ng'ambo, Tabora. Batuli alifundisha shule ya msingi. Kila Ijumaa baada ya alasiri walitandika mkeka uani, mkeka ukawa mbingu. Batuli alitawala nyota za Kilimia, Yahaya akatawala sayari ya Mirihi. Baadaye akaja Parvin, aliyesoma na Batuli, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini, naye akapewa Zuhura.

Merikebu zao Yahaya alizikata kwenye makopo ya samli. Zilisafiri polepole juu ya mkeka, huku kila mtawala akisimulia aliyoyaona njiani: mito ya mwanga, nyota zenye harufu ya mvua ya kwanza, watu wanaozungumza kwa kupepesa macho. Jua likilamba bati, watu wazima watatu walisahau kabisa kwamba wamekaa uani.

Sheria ilikuwa moja. Ili asiwepo mkubwa wa kuwaonea wengine, kila nchi ilikuwa na merikebu kumi na mbili, zisizidi. Yahaya ndiye aliyeitunga, na aliipenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Ijumaa moja, mwaka wa sabini na moja, Parvin alikuja na ya kumi na tatu. Aliitengeneza mwenyewe kwa debe zima la mafuta ya taa, kingo zimepinda, vidole vyake vimejaa michubuko. Ilikuwa kubwa mno. Alipoiweka mkekani, ilifunika nusu ya Mirihi.

Yahaya alitaka irudi ilikotoka. Parvin akasema yuko tayari kuvunja nyingine mbili kufidia. Yahaya akajibu kwamba hata akizivunja zote, chombo kile peke yake ni jeshi. Batuli alishauri wapime uzito badala ya kuhesabu idadi, lakini hakuna aliyemsikiliza. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Yahaya akatamka jambo lililokuwa likisemwa mitaani siku zile, ila uani pale lilikuwa halijaingia.

"Ndivyo mlivyo wenye maduka," alisema. "Hamtosheki."

Parvin alijitanda mtandio wake, akamuaga mama yake Batuli kwa adabu, akaenda zake. Merikebu akaiacha.

Ijumaa tatu zikapita bila mkeka kutandikwa. Ya nne, Batuli alimfuata dukani. Alikuta rafu ziko nusu tupu na Parvin amekaa juu ya sanduku la safari. Jengo la baba yake la kupangisha lilikuwa limetaifishwa, na mzee ameamua wahamie Uingereza kwa ndugu zake. Walibakiza wiki mbili.

"Ile haikuwa ya vita," Parvin alisema. "Nilitaka chombo cha kuwatosha watu wote wa Zuhura. Sikujua nitawaambiaje kwamba tunahama."

Batuli alipomweleza kaka yake, Yahaya aliweka nyundo chini na siku ile hakuishika tena. Asubuhi iliyofuata alivaa kanzu, akaenda dukani, akaamkia. Baba yake Parvin akaitikia marahaba na kumsogezea kiti, lakini Yahaya hakukaa.

"Nisamehe, Parvin," alisema. "Niliyasema maneno ya watu." Kisha akaongeza: "Merikebu ya kuhamia haihesabiwi. Hiyo ndiyo sheria sasa."

Ijumaa ya mwisho walitandika tena. Zuhura ikahama. Parvin alisimulia akina nani wamepanda: kina mama na vyungu vyao, watoto waliolala, mzee mmoja aliyeng'ang'ania kwenda na mlango wa nyumba yake. Merikebu za Kilimia na Mirihi ziliisindikiza, ishirini na nne, mbili mbili, bila haraka. Hakuna aliyezungumzia treni ya Jumatatu.

Chombo kikubwa kilipofika ukingoni mwa mkeka, Parvin alinyanyua mkono, akakiachia. Batuli akaingia ndani, akatoka na mkeka mwingine, akautandika mbele ya kile chombo.