Mifuko ya Mchanga kwenye Kiti cha Trevor

Vumbi la Whyalla, mji wa viwanda kusini mwa Australia, ni jekundu na halina adabu. Linaingia kwenye chai, linaingia kwenye mkate, linalala kwenye mashuka yaliyoanikwa na kwenye mikunjo ya shingo ya mtu. Lilikuwa limejilaza juu ya dashibodi ya gari la kijani, na gari likifika kasi ya tisini, lilianza kucheza.

Lilicheza chembe kwa chembe, likajipanga mistari, likaivunja, likajipanga tena. Ross Pfitzner alilichukia, kwa sababu lilimpa habari kabla ya mwili wake. Tisini, na linaanza. Kwanza vumbi, kisha kiti, kisha usukani, kisha uso wa kaka yake Trevor aliyeketi pembeni.

Trevor alikuwa na saratani, na saratani ilikuwa imeingia mifupani. Iko nyongani, iko mbavuni, iko kwenye uti wa mgongo. Mtu mzima na afya yake angeusikia mtetemo ule kama kero ya kiti. Trevor aliusikia kwenye kila mfupa uliooza, akauma kola ya shati lake, na shati likabaki na alama za meno.

"Geuza, dogo," alisema mara ya kwanza.

Ross akageuza.

Gari lenyewe lilikuwa lao wote wawili. Milango miwili, silinda nane, pua ndefu na mgongo mfupi. Walilinunua wakiwa vijana, bovu, kuku wametaga kwenye viti vya nyuma, wakalifufua nati kwa nati. Kila mwaka, joto likipungua, walilipakia na kushika barabara kuu ya kaskazini hadi kwenye ziwa la chumvi, wakalala chini ukingoni, wakanywa bia, wakabishana, wakarudi. Hakuna aliyewahi kuwauliza wanafuata nini huko. Wangeulizwa, wasingejua waseme nini.

Mwaka huu Trevor aliomba kitu kimoja tu.

"Nipeleke chumvini, Ross. Mara moja. Sitaki gari la wagonjwa, na sitaki kigari cha Maricel, kinanuka dawa. Nataka hili letu."

Maricel, nesi Mfilipino aliyekuja nyumbani kumhudumia, aliweka mikono kiunoni. "Kigari changu kina nini? Hakitetemeki kama hilo dude lenu."

"Ndiyo maana sikitaki. Kitanipeleka. Mimi nataka kwenda."

Na kwenda polepole hakukuwa jibu. Dawa ya maumivu ilikuwa na saa zake, barabara ya kaskazini ni ndefu, na malori yenye matela matatu hayamngoji mgonjwa. Lazima wapite tisini. Na tisini, linaanza.

Ewe mtetemo, uko wapi?

Ross aliyauliza matairi. Aliyapima moja moja, akayawekea vipande vya madini ya risasi vya kusawazishia hadi yakazunguka bila kuyumba, kisha akaazima magurudumu mengine kabisa na kuyafunga. Kwenye matairi hukuwemo.

Akaiuliza injini. Alipofika tisini aliitoa gia, akaiacha injini ikinguruma chinichini peke yake huku gari likiserereka. Vumbi liliendelea kucheza. Basi injini haina kosa, wala klachi haina kosa. U nyuma zaidi, mahali ambapo nguvu inasafiri kwenda kwenye magurudumu. Akalala chini ya gari, uso kwa uso na propela, lile bomba refu la chuma linaloiunganisha giaboksi na difu, sanduku la gia la mhimili wa nyuma. Akazitingisha krosi zake, zile nyonga mbili za mbele na nyuma zinazoiwezesha kupinda. Hazikuwa na mchezo, lakini akaziweka mpya hata hivyo. Humo nako hukuwemo.

Akaifungua propela, akaipeleka kwa Gino Carbone, mwenye mashine ya kuzisawazisha. Gino aliizungusha, akaitazama, akacheka.

"Hii imenyooka kuliko padri wa mama yangu."

"Basi nini kinatikisa?"

"Mimi nitajuaje? Labda ni huyo kaka yako anatetemeka, gari halina neno."

Ross alichukua propela yake bila kuaga. Gino akamfuata hadi nje, mikono ina grisi, akasema samahani, mdomo wake huo una wazimu. Ross alikuwa na hasira na kila mtu mwenye afya aliyetembea barabarani siku hizo, na Gino alikuwa amejipitisha tu mbele ya hasira hiyo.

Ilibaki miinamo. Giaboksi huinamisha mkia wake kidogo. Difu, kule nyuma, lazima iinue pua yake kiasi hichohicho. Vipimo vikilingana, propela iliyo katikati inazunguka kwa amani. Visipolingana inakimbia na kusita, inakimbia na kusita, ndani ya kila mzunguko, na gari zima linasikia.

Mwinamo huo unarekebishwa kwa kabari nyembamba za chuma, zinazobanwa kati ya springi na mhimili wa nyuma. Na watu wa safari za chumvini hawapimi gari likiwa tupu. Gari tupu linadanganya. Springi zimejinyoosha, pua ya difu imekaa mahali pasipo pake. Unalipakia kwanza vile litakavyosafiri, magurudumu yakiwa chini: mapipa ya maji, barafu, bia, hema, matandiko, na watu kwenye viti vyao. Ndipo unapima.

Tangu zamani, zamu za kiwandani zikimzuia Trevor kuja kukaa, Ross alimwekea mifuko minne ya mchanga kitini, akaufunga mkanda, na juu ya mfuko wa mwisho akaweka kofia ya Trevor. Ilikuwa mizaha yao. Trevor alikuwa mtu mnene, mwenye mabega ya kuziba mlango, na mifuko minne ilimtosha barabara.

Basi Ross akapakia. Mikono ilipakia yenyewe, kama ilivyozoea. Akapima, akachonga kabari, akakaza boliti, akalitoa gari na mzigo wake wote hadi kwenye barabara kuu. Themanini. Tisini. Mia. Vumbi limelala. Ross alipiga kelele ya furaha peke yake, akaupiga mfuko wa juu kofi la bega, kofia ikaanguka.

Kesho yake, mifuko ikiwa imeshushwa, Maricel akamtoa Trevor na kumketisha, Ross akaweka kiti chake cha magurudumu nyuma, wakaondoka. Tisini, na linaanza.

"Geuza," Trevor alisema, na safari hii hakuweza kumalizia kwa lile neno 'dogo'.

Hapo ndipo Ross alipoogopa. Mchanga unapita salama, kaka yake hapiti. Alilala chini ya gari akalitukana, akalibembeleza, akalitukana tena. Ewe mtetemo, una nini na ndugu yangu? Mbona unamchagua yeye?

Kila waliporudi, Maricel ndiye aliyemshusha Trevor, kwa mkanda wake wa nesi na maneno yake ya taratibu. Trevor hakutaka mkono wa mdogo wake. "Wewe shika spana," alimwambia, "haya ya matako yangu mwachie Maricel." Ross alikubali upesi mno. Hakutaka kumgusa, na alijua kwamba hakutaka, na aliona aibu.

Lakini siku hiyo Maricel alikuwa kwa mgonjwa mwingine, na jua lilikuwa linapiga kioo, na Trevor alikuwa amelowa jasho.

"Nitoe humu."

Ross akainama. Akapitisha mkono mmoja nyuma ya mgongo, mwingine chini ya magoti, akapanua miguu na kukaza kiuno, akajiandaa kama mtu anayeinua giaboksi. Akainua. Nguvu yote ile ikakosa kazi. Alipaa juu na kaka yake hadi akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, akayumba nyuma hatua kadhaa uani.

Akasimama hapo, Trevor mikononi. Shati lilikuwa kubwa. Ndani ya shati mlikuwa na mbavu, na nyuma ya mbavu moyo ulikuwa unapiga haraka.

"Unangoja nini?" Trevor akauliza.

"Umekonda."

"Wee. Umegundua leo?"

Ross alimlaza kitandani, akamvua viatu, akamfunika miguu. Kisha akaenda karakana, akafunga mlango na kulia kwa sauti, kama mtoto, kamasi zikimtoka, bila kujali kama jirani anasikia.

Alipomaliza, alipakia tena mifuko minne kwenye kiti cha Trevor. Akautoa wa kwanza. Akasita, akautoa na wa pili. Akainua miwili iliyobaki kwa pamoja, mikononi, vile alivyomwinua yeye, akasimama nayo akiilinganisha na ule uzito wa kaka yake uliobaki kwenye misuli yake. Ndiyo. Hii miwili. Akairudisha kitini na hakuweka kofia.

Kisha akafungua nyuma na kuteremsha mapipa. Nani atakunywa maji yote hayo? Akateremsha sanduku la bia, hema, matandiko. Nani atalala chini? Kila alichokishusha kilikuwa ni safari ambayo haitakuwepo, na springi zilijiinua kidogo, na mkia wa gari ukapanda.

Akaingia chini, akaweka kipimo kwenye pua ya difu. Mshale ulikuwa umekwenda mbali na pale alipouacha. Hapo ulipo, wewe mtetemo. Alikuwa ameliandaa gari kwa ajili ya wanaume wawili wanene wanaokwenda kulewa, na gari lilikuwa limebeba mtu mmoja na nusu.

Alichonga kabari mpya kwa tupa, nyembamba kuliko zote alizowahi kuchonga. Alizichonga kwa uzito wa kaka yake anayekufa, na ziliingia mahali pake bila nyundo.

Wakaondoka asubuhi, dawa ikiwa bado changa mwilini. Maricel alimfunga Trevor mito pande zote, akambusu kwenye paji la uso, akamgeukia Ross. "Ukimwendesha kama mwehu nitakufuata."

"Na kigari chako?"

"Na kigari changu."

Themanini. Ross alishika usukani kwa vidole tu ili asikie. Tisini. Vumbi limelala. Mia. Barabara ilipita chini yao laini, nguzo zikapita, vichaka vya kijivu vikapita, na ndani ya gari mlikuwa na ukimya ambao hawakuwahi kuwa nao.

"Linatikisa?"

"Hata kidogo. Limepona. Wewe fundi, dogo, nakuvulia kofia."

Na katika ukimya ule Ross akasikia kitu kingine. Pumzi ya Trevor iliingia kwa vipande na kutoka kwa vipande. Meno yake yalisagana. Akageuka na kuona kaka yake ameuma kola, machozi yanashuka yenyewe.

"Trev! Nini? Kama halitikisi, ni nini?"

"Ni mimi, Ross. Tazama mbele."

Ross akaondoa mguu kwenye mafuta. Kasi ikaanguka; lori likapita likipiga honi, upepo wake ukalisukuma gari pembeni.

"Inauma hata likitulia," Trevor akasema. "Inauma hata kitandani. Mtetemo uliongeza, sisemi uongo. Lakini nilikuacha uendelee kufungua na kufunga kwa sababu ulihitaji kitu cha kutengeneza, na mimi sitengenezeki."

"Nageuza."

"Hugeuzi."

"Trev, unaumia!"

"Nitaumia nikiwa na ziwa au nitaumia nikitazama dari. Chagua wewe, mwenye usukani."

Ross hakuweza kuchagua. Gari lilikuwa linatambaa kando ya barabara, na mikono yake, iliyojua kila boliti, haikujua kitu. Ndipo Trevor akautoa mkono wake kwenye mito, polepole, ngozi na mifupa, akauweka juu ya mkono wa mdogo wake kwenye gia. Akasukuma. Ross akakanyaga klachi, akamwachia. Gia ikaingia.

Trevor aliumia njia nzima, na Ross alimsikia njia nzima, kila pumzi, bila kelele yoyote ya kumfichia.

Vumbi jekundu liliishia pale chumvi ilipoanza. Ziwa lilikuwa jeupe hadi mwisho wa macho, na mwanga ulipanda kutoka chini kana kwamba jua limezikwa humo. Ross alilisogeza gari hadi ukingoni, akazima injini, akafungua mlango wa upande wa kaka yake. Upepo ukaingia. Trevor aliomba avuliwe viatu, na Ross akamvua, akaishusha miguu yake mmoja mmoja hadi nyayo zikagusa chumvi.

"Baridi," Trevor akasema, na akatabasamu kwa midomo iliyopasuka.

Ross akapiga magoti mbele yake. Hapakuwa na kitu cha kukaza wala cha kulegeza. Aliishika miguu ile miwili kwa mikono yake, akakaa nayo.