Usiku wa Tarehe Kumi na Tano

"…basi kama mimi ndiye mdogo, na wewe ni daktari wa meno," Mama Vifungo alikuwa akisema, mikono kiunoni, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni. "Futa, nakwambia. Futa kabla jirani yangu hajatoka nje akaona."

"Historia haifutwi, mama," kinyozi akajibu bila kuinua macho. "Hupunguzwa pembeni tu."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi wakacheka. Yule wa tatu, aliyekuwa kitini na povu kwenye nusu ya kidevu, akataka aelezwe tangu mwanzo maana alikuwa amelazwa kichwa nyuma na hakuona kitu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya ubao. Kinyozi wa mtaa ule, ambaye watu walikuwa wameshamsahau jina na kumwita Kalenda, aliweka mlangoni pake ubao mweusi alioupata siku shule ya zamani ilipobomolewa. Kila asubuhi, kabla hajachomeka mashine yake kwenye umeme, aliandika kwa chaki: SIKU KAMA YA LEO. Yalianza mambo ya dunia, aliyoyachota kwenye redio na magazeti yaliyochakaa. Yakafuata ya mtaa: bomba kuu lilipasuka, mwalimu mkuu alitumbukia mtaroni na suti nyeupe, mbuzi wa fundi bati alitafuna cheti cha ndoa cha watu. Ya dunia watu waliyapitia juu juu. Ya mtaa waliyasoma mara mbili, na mtu akijaliwa mtoto au akifaulu mtihani, utamwona anapita kwa Kalenda kujifanya nywele zimemzidi.

Asubuhi hiyo ilikuwa tarehe kumi na tano Aprili, na ubao ulikuwa na mambo matatu. La kwanza, mwaka 1912, saa nane na dakika ishirini usiku, ilizama meli iliyokuwa kubwa kuliko zote za zama zake. La pili, mwaka 1452, alizaliwa mchoraji mmoja wa ng'ambo ambaye mpaka leo watu hawajamaliza kumzungumza. La tatu, walizaliwa majirani zetu wawili katika wodi moja: kwanza Opareta, kisha Mama Vifungo.

Hayo maneno mawili, kwanza na kisha, ndiyo yaliyomtoa Mama Vifungo, fundi cherehani, mbio dukani kwake, sindano ingali midomoni.

Maana mtaa mzima ulijua kuwa Mama Vifungo ndiye mkubwa. Alizaliwa tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi, na mama yake alikuwa akisema alilia hata wauguzi wakaziba masikio. Jirani yake Opareta, wa ukuta kwa ukuta, alizaliwa "usiku wa tarehe kumi na tano, saa tisa." Kwa hiyo mmoja asubuhi, mwenzake usiku wake. Hesabu ya mtoto wa chekechea. Mmoja alikata keki tarehe kumi na tano, mwenziwe kumi na sita, maana saa tisa ya usiku ni kesho yake, na hakuna aliyeuliza.

Basi miaka zaidi ya sitini Opareta alifungua dirisha lake kila asubuhi akasema, "Shikamoo, dada," na Mama Vifungo akaitika, "Marahaba, mdogo wangu," kwa sauti ya mtu anayepokea haki yake. Na si salamu tu. Mkubwa ndiye aliyechagua rangi ya ukuta wao. Mkubwa alipanga nani aanike nguo siku gani kwenye kamba ya uani. Hata miwani ya Opareta, mkubwa ndiye aliyesema hii inakufaa, ile inakufanya ufanane na bundi. Opareta alifanya kazi miaka thelathini kwenye mitambo ya simu, akichomeka na kuchomoa nyaya, akijua nani kampigia nani na walinuniana kwa lipi. Mtu wa siri nzito kama huyo hakuwa wa kuamrishwa na yeyote, ila huyu mmoja.

Kwa nini sasa mambo yageuzwe na chaki? Mama Vifungo aliuliza hilo kwa maneno mengi, mengine hayaandikiki.

Kalenda akafuta mikono, akatoa kwenye droo daftari lililofungwa kwenye karatasi ya kaki. Lilikuwa la yule mkunga wa zamani aliyewapokea wote wawili. Mjukuu wake, mtu mzima mwenye mvi zake, alikuja kunyolewa juzi akaliacha, akasema heri likae mahali panapopenda tarehe. Wino ulikuwa umepauka lakini ulisomeka. Mstari wa juu: Usiku wa 15, saa tisa, msichana, mtulivu. Mstari wa chini yake: Mchana wa 15, saa nne, msichana, kelele.

"Mkunga hakuruka mistari," Kalenda akasema. "Aliandika kadiri walivyokuja."

Kisha akawaeleza kama anavyoeleza kila kitu, wembe ukiwa hewani. Wazee wetu wakisema usiku wa Ijumaa, walimaanisha Alhamisi jua likishazama. Usiku hutangulia, mchana wake hufuata. Sisi wa siku hizi ndio tumeuhamisha usiku tukaufanya mkia wa siku. Akadai kuwa hata babu wa yule mchoraji wa ubaoni, mjukuu alipozaliwa, aliandika hivyo hivyo, tarehe kumi na tano, saa tatu ya usiku, na wasomi nao wamekuwa na maneno, usiku upi. Kwa hiyo Opareta alikuja duniani usiku, na kulipokucha, saa nne, ndipo Mama Vifungo akafuata na kelele zake. Saa saba nyuma.

"Saa saba," mmoja wa benchi akarudia kwa huruma, kama anayetaja maradhi.

Mama Vifungo alikuwa ameshachukua kitambaa cha povu afute mwenyewe, na hapo ndipo Opareta alipotokea, kikapu mkononi. Akauliza kuna nini. Benchi zima likageukia ubao. Akavaa miwani, akasoma ubao, midomo ikicheza. Akaomba daftari, akalisoma nalo, akapitisha kidole kwenye mstari wa juu, kisha kwenye wa chini.

Watu walingoja acheze. Mtu aliyeamkia miaka sitini bure ana haki ya kucheza barabarani. Lakini Opareta alirudisha daftari taratibu, akamgeukia mwenzake. Kila mmoja alikuwa anangoja salamu ya mwenzake, na salamu haikutoka upande wowote.

"Mmoja wenu aamkie," yule wa kitini akasema polepole, "povu linakauka."

"Binti yangu kapiga simu jana," Opareta akasema hatimaye. "Lori linakuja Jumamosi. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana nilijua utanikatalia. Sasa sijui utanikatalia kama nani."

Akachukua kikapu chake akaondoka.

Hapo kicheko cha benchi kikakatika. Wote walijua habari ya binti. Alikuwa na nyumba kubwa katika mji wa mbali, na chumba cha ziada kilichopakwa rangi kwa ajili ya mama. Mara tatu alishamwita mama yake akahamie kwake, na mara tatu Mama Vifungo alisimama uani akasema, "Mimi mkubwa wako nimesema huendi." Opareta akainua simu, akaguna, akamwambia binti kwamba dada kakataa. Mambo yakaisha. Maana neno la mkubwa halina rufaa.

Mama Vifungo akarudi dukani, akakaa kwenye cherehani. Alikuwa na sare ya muuguzi ya kumaliza. Akatia mkono wa kulia wa sare kwenye tundu la kushoto, akafumua. Akatia tena, ukakaa ndani nje. Akafumua. Safari ya tatu akaona heri aiache nguo ya watu kabla haijawa dekio.

Kwanza alitafuta hila. Labda mkunga alikuwa na usingizi. Labda aliandika wa usiku juu kwa sababu chini palijaa. Lakini yeye ni fundi, macho yake yamezoea mistari, na aliona: ule mwandiko ulitembea kama mshono usioruka hata tundu moja. Kisha akajifariji kwamba mkubwa ni jaa, kila taka hutupwa kwake, basi na wampokonye, apumzike. Faraja hiyo nayo haikudumu. Akamkumbuka Opareta miaka ile mume wake Mama Vifungo alipofariki: wiki tatu alilala sakafuni kando ya kitanda chake, na kila asubuhi akakunja mkeka. Na yeye alimwambia nini? Alimwambia mkeka haukunjwi hivyo. Si kwamba hakuwa na neno jingine. Alikuwa nalo, lakini mkubwa huamuru, mkubwa hukemea. Mkubwa humwambia nani kuwa anaogopa kubaki peke yake?

Jua lilikuwa la utosi alipofunga duka. Majirani walimwona akipita barabarani na kwenda kubisha mlango wa mbele wa Opareta kama mgeni, yeye ambaye siku zote alipita uani bila hodi.

Opareta alikuwa amekaa sakafuni katikati ya maboksi, akifunga sahani moja moja kwenye magazeti. Jikoni sufuria ya mchuzi ilikuwa ikitokota, na viazi vimeshaiva kando.

"Shikamoo, dada," Mama Vifungo akasema.

Mikono ya Opareta ikasimama. "Sijasikia."

"Umesikia. Miaka thelathini umekaa na vipokea sauti masikioni, umesikia."

"Basi rudia, nijue kama laini ni nzuri."

Akarudia. Safari hii neno halikutoka kwa kukwaruza, lilitoka lote.

"Marahaba, mdogo wangu." Opareta akalitamka kama anayeonja chumvi, kisha akacheka mpaka akavua miwani akafuta macho. "Kumbe ndio utamu wenyewe huu. Na umeula peke yako umri wote, mchoyo wewe."

Mama Vifungo hakucheka. Alibaki mlangoni, vidole vikikunja na kukunjua ncha ya futi. Alisema amekuja na jambo, na asikatizwe, maana akikatizwa atageuza maneno kuwa makaripio, anajijua.

"Zamani nilikuwa na amri," akasema. "Nimekukataza mara tatu. Leo sina amri tena, kwa hiyo sikukatazi. Nakuomba. Usiende, dada. Nikishona gauni nikajiona nimeweza, nani ataniambia ni baya? Wengine wote huniambia zuri. Wananiogopa."

Nje mkokoteni ulipita, magurudumu yakilia. Opareta alingoja upite. Akauliza kama mwenzake alidhani kweli kwamba amebaki miaka yote kwa kukatazwa. Mtu aliyewahi kumkatia simu meneja wake mwenyewe kwa utovu wa adabu, angezuiwa na fundi cherehani? Alikuwa akija kumwambia makusudi, akatazwe. Kukatazwa kulikuwa kuzuri kuliko kukaa kimya. Lakini mwaka huu alichoka. Kila mara binti alimwambia, mama, nakuhitaji hapa. Alilisema hilo neno waziwazi. Na upande huu wa ukuta alisikia amri tu.

"Leo asubuhi niliposoma ule ubao," akasema, "nilijiambia, haya, amri imekwisha, sasa tutaona kama kuna kitu chini yake."

"Kipo," Mama Vifungo akasema.

"Nimekiona. Kimekuja kupiga hodi, tena mlango wa mbele."

Akavuta simu yake kutoka chini ya magazeti, akabonyeza, na binti alipopokea, kabla hata hajasalimiwa, akasikika chumba kizima akiuliza kwa uchovu, "Mama, usiniambie dada kakataa tena."

"Hajakataa. Mdogo wangu ameniomba."

Binti alijua tofauti, naye ni mtu aliyelelewa na hao wawili. Kisha akasema kwamba dereva ameshakubali, lori limeshatengwa, chumba kimepakwa rangi ya maziwa. Alisema mengi, na mwishoni sauti yake ikawa ndogo. Opareta akamsikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza watu maisha yake yote, kisha akamwambia kwa upole kwamba chumba kisipotee: atakwenda kukaa mwezi mzima wakati wa baridi, kila mwaka, na hilo ni ahadi, halihitaji ruhusa ya mtu. Ila kuhama, hapana. Na hilo lori, kwa kuwa limeshatengwa, lije na yeye binti mwenyewe, na watoto, na magodoro yao, maana shule zimefunga na uani kuna nafasi.

"Wote watano?" binti akauliza.

"Na baba yao, kama hakoromi siku hizi."

Alipokata simu, Mama Vifungo alikuwa amejiegemeza kwenye kizingiti, uso ameugeuzia barabarani ili asionekane. Opareta alichukua bunda la magazeti lililokuwa miguuni pake, akalifungua, akatoa sahani, akaipangusa kwa upindo wa kanga. Akafungua la pili. Akaenda jikoni, kifuniko cha sufuria kikagongwa, mvuke ukajaa chumba.

"Wewe unayejipangusa pua kwa futi ya kupimia watu," akaita. "Nawa mikono uingie ndani, dada yako ameshapakua. Njoo ule."