Sopaipilla za Siku Kavu

Boga lilikuwa na kaka gumu, kwa hiyo Uberlinda alilipasua kwa shoka kwenye kizingiti cha jiko. Ilikuwa Aprili, majani ya mizabibu yamegeuka rangi ya kutu, na boga hilo ndilo pekee lililokomaa shambani mwake, kwa kunyweshwa maji ya kuoshea vyombo. Aliondoa mbegu, akachemsha nyama yake, akaiponda, akaikanda na unga na mafuta ya nguruwe mpaka donge likawa la manjano na laini kama ndewe ya sikio.

Kule Los Litres, bonde kavu kaskazini ya Santiago, hakuna anayekaanga sopaipilla jua likiwaka. Mvua kwanza, maandazi hayo ya boga baadaye. Mtoto akisikia tone la kwanza juu ya bati huuliza unga uko wapi. Lakini tangu mto ugeuzwe kuelekea shamba la maparachichi mlimani, mvua nayo ilikuwa imeacha kuja. Watu walikunywa maji yaliyoletwa na gari la boza, na watoto wa siku hizi waliijua sopaipilla kwa jina tu.

Chumbani, mama yake, Bi Clorinda, alilala akilitazama bati. Ugonjwa ulikuwa umemaliza kazi yake tangu kiangazi, ila mwenyewe alikataa kufa.

"Sifi ardhi ikiwa hivi," alisema. "Sitaki kuchimbiwa kwa sululu kama bomba la choo. Nataka udongo laini, koleo lizame lenyewe."

"Basi usife, mama."

"Nimechoka, Uberlinda."

"Hata mimi."

Ndiyo maana aliweka karai la mafuta jikoni: safari hii sopaipilla zitangulie, mvua ifuate.

Harufu ilipovuka ukuta, jirani yake Auristela alichungulia.

"We Uberlinda! Unakaanga na jua lote hili?"

"Nakaanga."

"Si ungesema mapema, mwenzangu? Nimeanika mablanketi." Akaenda kuyaanua, kisha akatega ndoo chini ya mchirizi wa bati.

Wingu lilitokea upande wa bahari kabla sopaipilla za kwanza hazijageuzwa. Lilipita juu ya nyumba, chini kiasi cha kugusa mabomba ya moshi, bila kudondosha kitu. Lilipofika kwenye uzio wa waya wa shamba la maparachichi lilisita kidogo, kama mgeni anayehakikisha mlango, likaingia, likanyesha. Mvua ilikatika sawasawa na waya. Upande wa pili majani yalimeremeta. Upande huu kuku walioga vumbi.

Auristela alizipindua ndoo zake.

"Hata wingu linamjua bosi," alisema, akaomba sopaipilla mbili.

Maji ya bonde lile yalikwisha kununuliwa na mwenye maparachichi: ya mtoni, ya visimani, na yale ambayo bado hayajaja.

Kesho yake alikuja Nibaldo, msimamizi wa shamba lile, ambaye utotoni alikuwa akiogelea mtoni na Uberlinda. Kofia ilikuwa mkononi, boga kwapani.

"Bosi anauliza utakaanga lini tena."

"Mwambie akaange mwenyewe."

"Alijaribu leo asubuhi. Zikanyonya mafuta, jua likazidi." Aliliweka boga mezani taratibu. "Usinikasirikie, dada. Mimi natumwa tu."

"Umetumwa tangu tukiwa shule, Nibaldo."

Chumbani Bi Clorinda alikohoa. Uberlinda alilitazama boga, kisha mlango wa chumba.

"Nitakaanga," alisema. "Lakini utanisaidia kubeba kitanda cha mama mpaka kwenye uzio."

"Upande huu?"

"Upande huu."

Walikibeba wakipumzika njiani. Uberlinda aliwasha moto pale pale kwa matawi ya mzabibu, akakaanga, na kando akayeyusha sukari guru pamoja na ganda la chungwa na mdalasini. Wingu lilikuja, likawapita, likaingia shambani.

Bi Clorinda alikula sopaipilla iliyolowa shira mpaka kidevu kikang'aa. Kisha alipitisha mkono kati ya nyaya. Mvua ikamjaza kiganja. Aliuacha mkono huko muda mrefu, macho ameyafumba, halafu akaurudisha ukiwa unachuruzika.

Nibaldo alikohoa.

"Mama, samahani," alisema, akitazama viatu vyake. "Maji hayo..."

"Najua, mwanangu."

Uberlinda alishika pindo la aproni akamfuta mama yake, kidole kimoja baada ya kingine. Akasogea kwenye waya, akaikamulia aproni upande wa pili.

"Asante," Nibaldo alisema.

Walipokirudisha kitanda ndani, miguu ya kitanda ilikuwa na vumbi. Bi Clorinda alilitazama bati.

"Imenyesha?"

"Imenyesha, mama."

"Basi sawa."

Alikufa jioni ile ile, kabla shira haijapoa. Kaburi lilichimbwa kwa sululu. Wanaume walipokezana, na Nibaldo naye alishika zamu yake.

Waliporudi kutoka makaburini, Uberlinda alikuta boga jingine la bosi mlangoni, limefutwa vumbi kwa adabu. Alichukua shoka, akalipasua, akazitandaza mbegu juu ya bati zikauke. Hazikuchukua muda kukauka.