Zamu ya Lavonne Kutoa Kadi

Wendell Amstutz aliliuza lile boksi la viatu Jumamosi moja ya Septemba, pamoja na pasi mbovu na ngazi fupi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamua mambo peke yake, na watu wa namna hiyo hufanya makosa makubwa kwa moyo mweupe kabisa.

Siku hiyo mtaa mzima wa Corley, Indiana, ulikuwa umetandaza vitu vya zamani mbele ya nyumba, na Wendell hakutaka kubaki nyuma. Mkewe, Lavonne, alikuwa kanisani akishona mablanketi na wenzake. Wendell akapanda darini, akashusha kila alichokiona kina vumbi, akakipanga juu ya meza mbili za kukunja. Boksi la viatu alilifungua, akaona limejaa kadi za karatasi za zama za bibi zao, akalifunga. Mama mmoja aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba nyekundu alilinunua bila kubishana bei. Wendell akajiona kweli mfanyabiashara.

"Boksi langu liko wapi?" Lavonne aliuliza jioni, akiwa juu ya ngazi ya dari.

"Boksi lipi?"

"La kadi, Wendell. Kadi za bibi yangu za Valentaini."

"Aa, zile za vumbi! Zimepata mwenyewe. Kuna mama alifurahi, ungemwona!"

Lavonne alishuka polepole, akakaa kwenye kidato cha mwisho. "Na yetu ilikuwa humo ndani," alisema.

Hapo ndipo Wendell alipoacha kutabasamu.

Kadi yao ilikuwa ya mpishi. Ilichapishwa Ujerumani kabla ya vita, na Wendell aliinunua kwenye droo ya mwisho ya duka la dawa mwaka 1955, alipokuwa kijana fundi wa matrekta asiye na fedha ya kununua maua. Ilikuwa na msichana wa mashavu mekundu amesimama mbele ya jiko. Chini kulikuwa na ulimi wa karatasi. Ukiuvuta, macho ya msichana yanakwenda kushoto na kulia, mkono unainuka na mfuniko wa sufuria, na ndani ya sufuria unachungulia moyo mwekundu. Ukiuachia, mfuniko unashuka na msichana anajifanya hajui kitu. Lavonne alicheka hadi akakohoa siku alipopewa. Mwaka uliofuata, kwa kuwa naye hakuwa na fedha, alimrudishia Wendell kadi ileile, na nyuma yake ameandika mstari mmoja chini ya ule wa Wendell.

Basi ikawa desturi. Miaka isiyogawanyika kwa mbili alitoa Wendell, inayogawanyika akatoa Lavonne, kila tarehe kumi na nne ya Februari, chini ya sahani ya kifungua kinywa. Kila anayetoa aliandika mwaka na mstari mmoja, herufi ndogondogo ili nafasi isiishe. *1959: Samahani kwa mambo ya gari. W.* *1962: Tumepata nyumba. Paa linavuja. Nakupenda hivyohivyo. L.* Mwaka 1964, baada ya kumzika mtoto wao wa pili aliyeishi siku nne, Lavonne aliandika maneno mawili tu: *Bado nipo.* Mistari thelathini na tisa, na wa mwisho ulikuwa wa Wendell. Zamu inayofuata ilikuwa ya Lavonne, ndiyo maana kadi ilikuwa kwake, na yeye akaiweka pamoja na za bibi yake ili isipotee.

"Nitakununulia nyingine," Wendell alisema. Jamani! Kuna nyakati ni heri mwanamume aumwe jino, anyamaze.

Lavonne alitikisa kichwa. "Si karatasi ninayoililia. Gari uliuza bila kuniuliza. Mti wa tufaha wa mama yangu uliukata bila kuniuliza. Ukastaafu, nikasikia kwa jirani. Miaka yote hii, Wendell, hujawahi kuniuliza hata kama nataka chai au kahawa. Unaniletea tu."

"Si unakunywa kahawa?"

"Nakunywa kwa sababu umeshaimimina!"

Wiki iliyofuata Lavonne alihamia kwa binti yao Rhoda, mwendo wa saa moja kwa gari. Hakupiga kelele wala hakubamiza mlango. Alikunja nguo zake vizuri, akaziweka kwenye masanduku mawili, na Wendell akambebea hadi kwenye gari kwa sababu alidhani ni safari ya siku tatu.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alifika mapema. Kufikia Novemba Wendell alikuwa amezunguka kila duka la vitu vya kale katika wilaya nne akiuliza habari za mama mwenye kamba nyekundu ya miwani. Yeye ambaye hakuwahi kuuliza hata njia! Watu walimcheka. "Mzee, unamtafuta mama au miwani?" mmoja alimuuliza. Wendell alikunywa kejeli hizo kama dawa chungu, akaendelea. Theluji ilianguka, barabara zikawa na barafu, naye akaendelea. Usiku alikula maharage ya kopo akiwa amesimama, maana kukaa mezani peke yake kulimshinda.

Alimpata wiki ya mwisho ya Januari, ndani ya duka lililokuwa zamani ghala la mahindi. Kamba nyekundu ilikuwa shingoni palepale. Jina lake lilikuwa Opal Fenske, mjane mwenye ulimi mkali na mikono myepesi ajabu.

"Nakukumbuka," alisema Opal. "Wewe ndiye uliyeuza mali ya watu kwa bei ya karanga. Nilijua tu iko siku utakuja unalia."

"Silii."

"Bado."

Kadi nyingi za lile boksi zilikuwa zimeshakwenda kwa wakusanyaji wa mbali. Lakini Opal alimketisha mezani, akamwonyesha zilizobaki, akizivuta ndimi moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole. Mbwa akazungusha macho na kutoa ulimi. Fundi viatu akapiga nyundo juu ya kisigino chenye umbo la moyo. Mvulana akainua kofia, na chini ya kofia kukatokea ndege ameshika barua. Hakuna betri, hakuna springi, ni karatasi mbili zilizoshikwa na kipini cha shaba kisichozidi punje ya mtama. Wendell alikuwa amefungua injini maisha yake yote, akajikuta amemwinamia fundi viatu huyo mdomo wazi.

"Aliyeibuni hii alikuwa na akili," alisema.

"Alikuwa na mtu anayempenda," Opal alimjibu. "Akili peke yake haina subira hiyo. Haya, ya kwako ni ipi?"

"Ya mpishi. Imeandikwa nyuma."

"Lo! Ile!" Opal alifungua mtoto wa meza. "Hii hakuna anayeitaka. Wakusanyaji wanataka kadi safi, isiyoguswa. Nimewaonyesha watatu, wote wameigeuza nyuma wakaguna. Wananiambia, Opal, kuna watu wameiharibu kwa kalamu."

Wendell aliipokea. Mwandiko wa Lavonne ulikuwa pale, ule wa ujana uliosimama wima na huu wa sasa unaolala kidogo. Hakulia, lakini ilibidi avue miwani aifute, na Opal kwa heshima akageukia dirisha.

Kisha akauvuta ulimi. Macho ya msichana yalikwenda kushoto na kulia, ila mkono haukuinuka. Ulikuwa umechanika begani, pale penye kipini.

"Usilie tena," Opal akamwambia. "Hiyo inatengenezeka. Lakini utaitengeneza mwenyewe, mimi nitakuelekeza. Aliyevunja ndiye anayegundisha, hiyo ndiyo sheria ya duka hili."

Iliwachukua siku tano, na katika siku hizo Wendell akamsimulia yote. Gundi ilikuwa ya unga wa ngano, ya kupikwa polepole, maana gundi ya dukani hukausha karatasi ikakatika. Kiraka kilikuwa cha karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Vidole vya Wendell vilizoea boliti za matrekta. Kiraka cha kwanza alikirarua, cha pili kikamganda kidoleni, cha tatu akakiweka kichwa chini.

"Polepole, bwana we! Huyo si ng'ombe unayemvuta."

"Nimekaza kidogo tu."

"Ukikaza haichezi. Kipini kinashika, hakibani. Kikibana, mkono unachanika tena mwaka ujao. Muulize Lavonne wako kama sisemi kweli."

Wendell alilegeza kipini robo ya nukta, akajaribu tena, na mkono ukainuka. Si juu kabisa. Mfuniko ulifika nusu, ukasita, kisha ukapanda kwa mtetemo kidogo. Moyo ukaonekana. Opal alipiga makofi.

Kadi ilipokauka, Opal alimwekea kalamu ya wino mbele yake. "Sasa geuza nyuma uandike samahani. Nafasi iko, nimeiona."

Nafasi ilikuwapo kweli, chini ya mstari wa mwaka 1993. Wendell aliishika kalamu. Maneno alikuwa nayo kifuani tangu Septemba, ameyapanga barabarani kilomita kwa kilomita, na yalikuwa mazuri. Aliinama juu ya karatasi. Halafu akaiweka kalamu chini.

"Vipi tena?"

"Mwaka huu si zamu yangu," alisema.

Jumamosi tarehe kumi na mbili ya Februari alisimama mlangoni kwa Rhoda, amevaa koti la kanisani, bahasha ameiweka ndani ya shati ili isiloe. Rhoda alifungua, akamtazama baba yake kuanzia viatu hadi kofia.

"Baba! Umekonda. Umekuja kumchukua mama?"

"Nimekuja kumuuliza kitu."

"Kuuliza?" Rhoda aligeuka akaita kwa sauti kubwa, "Mama! Njoo haraka, kuna maajabu!"

Lavonne alitoka jikoni na unga mikononi. Alikuwa mzima, amependeza, na jambo hilo lilimtia Wendell hofu kuliko kama angemkuta anaumwa. Mtu anaweza kuishi vizuri bila wewe. Hakuwa amelifikiria hilo. Akatoa bahasha. Akampa kwa mikono miwili.

Lavonne alifuta unga kwenye aproni, akaitoa kadi. Kisha akauvuta ulimi. Macho yakaenda kushoto, kulia. Mfuniko ukapanda nusu, ukasita, ukatetemeka, ukafika.

"Nani kaitengeneza?"

"Mimi."

"Inaonekana," alisema, na pembe moja ya mdomo wake ikacheza. Halafu akaigeuza nyuma, upesi, kama mtu anayejua atakachokikuta na ameshakasirika. Macho yake yalishuka mistarini hadi chini. Yakabaki pale.

"Hukuandika kitu," alisema.

"Ni zamu yako."

"Nasikia umeizungukia nchi nzima, umeitengeneza kwa mikono hiyo yako, halafu hukuandika hata neno?"

"Nilitaka. Nilikuwa na maneno mengi." Wendell alivua kofia. "Lakini nafasi ni yako. Nimeileta ili ukitaka kuitoa, uwe nayo. Usipotaka, ikae kwako tu, ni haki yako. Nilikuwa nataka kuuliza…" Akasimama hapo. Swali alilolifanyia mazoezi lilikuwa refu, lina sababu sita. Likamtoka fupi. "Ungependa kurudi nyumbani, Lavonne? Sijui jibu. Ndiyo maana nauliza."

Rhoda, aliyejifanya anapanga viatu mlangoni, aliacha kupanga.

"Leo ni tarehe kumi na mbili," Lavonne alisema hatimaye. "Kadi hutolewa tarehe kumi na nne." Akaingia jikoni na kadi yake.

Wendell aliendesha gari kurudi Corley bila kujua kama amepewa tumaini au ameagwa. Jumapili ilikuwa ndefu. Jumatatu aliamka kabla ya jua, akakoroga unga wa chapati za maji, akaweka sahani mbili mezani, akaiondoa moja kwa aibu, akairudisha. Alichemsha maji ya chai. Akapika na kahawa pia, kwa kuwa hakujua.

Saa mbili na nusu alilisikia gari la Rhoda likisimama nje. Lavonne aliingia peke yake, mikono mitupu, theluji mabegani. Alivua glavu, akatoa bahasha mfukoni, akainyanyua sahani ya Wendell, akaiweka kadi chini yake, akakaa.

"Chai au kahawa?" Wendell aliuliza.

"Chai."

Alimmiminia chai. Kisha akaiinua sahani, akaigeuza kadi bila kuuvuta ulimi kwanza, maana subira ilikuwa imemwishia. Chini kabisa, kwa mwandiko unaolala kidogo, palikuwa na mstari wa arobaini:

*1994: Umeuliza. Masanduku yangu yako kwenye gari, na ni mazito. L.*

Wendell alitoka nje bila koti wala kofia, kwenye barafu, akiwa na viatu vya ndani. Rhoda alipiga honi kwa furaha hadi majirani wakafungua madirisha.